Shati la Ndege Kichwa Chini

9 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepoa, na masikio yako vilevile, maana daktari alisema tusitegemee zaidi ya hapo. Mimi ni mzima. Nikisema mzima namaanisha ninakula, ninalala, na saa moja asubuhi niko kazini mbele ya mashine ya kunyoosha mashuka. Hospitali hii ina vitanda mia nne, na kila kitanda huchafuka kana kwamba kimeapa.

Uliniuliza siku ya mapumziko huwa nafanya nini. Jumatatu nakwenda kwa Mzee Vumbi. Ana duka chini ya ngazi za jengo la ghorofa, upana wake kama kabati lako la vitambaa, anauza santuri na filamu za zamani. Jina la Mzee Vumbi nimempa mimi, yeye hajui. Ukitoka kwake unapiga chafya mpaka kituo cha basi.

Safari hii nimepata bendi ya roki ambayo sikuwahi kuisikia. Jina lao, nikilileta katika lugha yetu, ni kama Bati Bovu. Walikuwa watu wanne, walitoa santuri mbili wakaachana. Mpiga gitaa wao anapiga kama mtu anayeburuta meza sakafuni. Katikati ya kuburuta anakumbuka kitu, anaacha, linabaki gitaa la besi peke yake, dum, dum, kama mtu anayetembea chumba cha juu na viatu vyake. Hapo ndipo pazuri. Upande wa pili, wimbo wa tatu, mwimbaji anakohoa, na hawakukifuta kikohozi. Nimekirudia kikohozi hicho mara nyingi kuliko kiitikio.

Mzee Vumbi aliniona nakirudia dukani. "Kuna wimbo humo, bwana," akasema, "ukimaliza kumuuguza huyo."

Filamu niliyoangalia ni ya mlinzi wa jumba la makumbusho anayependa sanamu. Nyeusi na nyeupe. Hakuna kinachotokea kwa saa moja na nusu, kisha sanamu inahamishwa chumba kingine. Nimeipenda.

Mkwe wako amehama tangu Novemba. Amechukua vitu vyake na zulia. Tuliagana vizuri. Sahani zimebaki mbili, naosha moja.

Kuhusu kuja nyumbani, nitaangalia ratiba ya kazini.

Mwanao


2 Februari

Kwako Bwana Santuri,

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa kama shuka la hospitali, nikajua ni wewe kabla ya kuifungua. Mimi sijambo. Mguu unauma ukijisikia. Masikio yamefunga ofisi. Juzi mlango uligongwa mpaka ukafunguka wenyewe, nikadhani upepo, kumbe dada yako amesimama ananifokea. Sikusikia hata neno moja, nikamkaribisha chai.

Unamwandikia kiziwi habari za magitaa. Lakini endelea. Pale pa mtu anayeburuta meza nilielewa kabisa. Cherehani yangu ikikosa mafuta hufanya hivyohivyo, naisikia kwa magoti.

Sasa. Mkwe wangu ameondoka Novemba na wewe unaniambia Januari, tena chini ya sanamu. Umeandika kama mtu anayetoa taarifa ya balbu iliyoungua. Zulia umelitaja. Yeye hata alivaa nini siku hiyo hukusema. Mwanangu, unaumwa? Sisemi mwili.

Kazi ipo. Nashona sare za shule, na mashati ya yule dereva wa lori la maji ambaye tumbo lake halikai mahali pamoja wiki mbili mfululizo. Alikuja kulalamika.

"Mama fundi, shati langu halina kifungo cha tatu."

Nikamwambia, "Miaka arobaini hii hakuna shati lililotoka hapa na vifungo vyote. Livae siku mbili, urudi nilione likiwa mwilini. Kifungo cha tatu nakishona mwisho, kwa sababu hapo ndipo tumbo husema ukweli."

Akasema, nikamsoma midomo, "Mafundi wengine hawana mambo haya."

"Ndiyo maana nguo zao zinakaa kama magunia."

Aliondoka na hasira zake. Baada ya siku mbili akarudi, kama wanavyorudi wote.

Pazia la ndege la chumba chako limepauka lakini sijalitoa. Tangu ulifungue mara ya mwisho ni miaka minane. Na ratiba ya kazini nimeisikia miaka hiyohiyo minane. Ina kurasa ngapi?

Mama yako


27 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mguu unajisikia vizuri, kwa faida yenu nyote wawili.

Siumwi. Mwaka juzi niling'olewa jino hapa. Walinichoma sindano ya ganzi, nikatoka na shavu nisilolijua, nikiligusa nadhani namgusa mtu mwingine. Ndivyo nilivyo sasa. Ila ganzi ya jino ilitoka jioni ile. Hii haijatoka, na haijanizuia kufanya kazi. Mashuka hayaulizi kitu.

Nina jambo la kukuuliza, nami nitalieleza kwa utaratibu.

Mzee Vumbi aliniambia kwamba ule wimbo wenye kikohozi uliwahi kuwekwa kwenye filamu. Akaitafuta wiki tatu, akaipata ndani ya boksi la filamu za mapishi. Ni ya upelelezi. Nyuma ya ganda lake wameandika kwamba mwongozaji wake hakupenda rangi, na kwamba walikuja kuipigia upande wa kwetu, sokoni na barabarani, kwa ajili ya mwanga. Nikaichukua, nikaenda kuitazama nyumbani mchana wa Jumatatu, pazia wazi, chungu cha viazi jikoni.

Dakika ya arobaini na moja mpelelezi anakatiza sokoni. Bati Bovu wanaanza kupiga. Nyuma ya mpelelezi anapita mwanamume aliyebeba kreti la chupa begani. Nimesoma mahali kwamba watu wa kupita nyuma hufundishwa jambo moja tu, wasitazame kamera. Huyu akatazama. Ni sekunde sita kwa jumla. Mwimbaji anakohoa, naye anatoka kwenye picha.

Mama, ni baba.

Amevaa shati la kitambaa cha pazia langu.

Nyuma ya ganda kuna mwaka. Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa karatasi. Filamu ilipigwa miaka mitatu baada ya mto kumchukua baba pamoja na lori lake. Mto ulipomchukua nilikuwa na miaka saba. Kwa hiyo yeye akikatiza hapo sokoni na kreti, mimi nina kumi, nimekaa dawati la mbele, ambapo mwalimu aliniweka kwa kunihurumia.

Sijashtuka. Nilisimamisha picha, nikaenda kuzima jiko. Niliporudi alikuwa bado ananitazama. Nikamaliza filamu. Mpelelezi anamkamata mtu ambaye siye.

Niambie nimeona nini.

Mwanao


20 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba. Sijambo, natumaini nawe hujambo. Mvua imeng'oa mfereji wa paa, dada yako ameufunga kwa waya, unavuja vizuri kuliko mwanzo.

Kitambaa kile kilikuwa roli zima dukani. Nusu ya mtaa walikuwa na mapazia ya ndege, wengine wakashona mashati, na yupo mmoja aliyeshona kifuniko cha kiti cha baiskeli. Mtu akibeba kreti begani nusu ya uso haionekani. Na wewe tangu mdogo unaona watu kwenye madoa ya ukuta. Ulikuwa na rafiki pale juu ya kabati, ulimpa na jina.

Baba yako alichukuliwa na mto. Viti vililetwa, watu walikaa siku tatu, ulikula biskuti za watu mpaka ukatapika. Unakumbuka.

Rudisha filamu hiyo kwa mwenye vumbi lake. Ule vizuri.

Mama yako


14 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumaini mfereji nao haujambo.

Kuhusu kitambaa nakubali. Kuhusu mfuko sikubali.

Ulipokuwa ukishona shati lile ulipindua kitambaa cha mfuko wa kifuani. Ndege wa shati zima wanakwenda juu, wa mfukoni wananing'inia kichwa chini. Ulitaka kuufumua, baba akakuzuia, akasema waache, hao ni popo wangu. Jioni alipolijaribu alinibeba mpaka nikasinzia, na mtoto anayebebwa hukaa uso kwa uso na mfuko. Ndege wale nawajua kuliko ninavyoijua sura yake. Kitambaa kinaweza kuvaliwa na mtaa mzima, mama. Kosa lile ni la mkono wako. Kwenye filamu wananing'inia watatu, na wa nne amekatwa na mshono.

Sasa nikueleze habari za ratiba ya kazini. Haipo. Maana yake ipo, sijawahi kuiomba. Kila mwaka wananiuliza likizo unakwenda lini, nami nasema mwakani, wanaandika mwakani. Basi la kuja nyumbani linapita lile daraja. Nimelipita mara moja tu tangu niwe mkubwa, siku ya kuondoka, nimefumba macho na kushika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Abiria wa pembeni akanipa mfuko wa plastiki, akidhani nataka kutapika. Nilidhani yumo humo chini. Miaka thelathini nimedhani yumo humo chini, na lori lake, na shati lake. Hata mji huu una mto. Mdogo, umejengewa kuta pande zote, hauwezi kumchukua hata paka. Nabadilisha mabasi mara mbili ili nisiuvuke.

Sidai kitu. Hasira nimeitafuta, sijaiona. Nataka kujua tu kama yumo au hayumo.

Mwanao


16 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijapata barua miezi miwili. Dada amenitumia ujumbe kwamba u mzima na unashona, kwa hiyo posta haina kosa.

Nimepata ile santuri ya pili ya Bati Bovu. Mbaya. Wanasikika kama watu waliopatanishwa na wazazi. Nimeangalia pia filamu ya wanawake wawili wanaosubiri gari moshi. Linakuja, wanaliacha lipite. Mzee Vumbi anasema nina kipaji cha kuchagua.

Niko hapa.

Mwanao


19 Julai

Kwako mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima kwa kiasi cha kuandika. Barua hii nimeianza mara tano. Karatasi nne nimezitumia kukatia kola.

Hayumo.

Baba yako alikuwa dereva, hilo unalijua. Watu wa sinema walikuja wakakodi lori lake libebe taa na nyaya. Wiki ya kwanza alirudi kila jioni, akinieleza jinsi mtu mmoja anavyokufa mara saba mpaka mwongozaji aridhike, na jinsi anavyoinuka kila mara kujipangusa magoti. Alicheka sana. Wiki ya pili alirudi siku mbili. Jumanne ya wiki ya tatu akavaa shati jipya la ndege, akasema anakwenda nalo mpaka mji wa pili, Alhamisi atarudi nilione mwilini nimshonee kifungo cha tatu. Yeye naye sikumpa vifungo vyote. Mume au si mume, desturi ni desturi.

Ijumaa ikaja karatasi kwa mkono wa dereva mwenzake. Nimepata kazi na hawa watu, usinisubiri. Ndiyo yote. Hata salamu za watoto hakuandika.

Jumamosi mto ukachukua lori. Lori la mtu mwingine, wa mbali. Jina lake sijalijua mpaka leo, na ukiniuliza usingizi wangu unakatikia wapi, unakatikia hapo. Watu wakaja mbio mlangoni, ni la baba watoto? Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, karatasi ile iko chini ya kitambaa. Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Nilinyamaza, na walipoona nimenyamaza wakaleta viti.

Mwanangu, viti vikishaletwa utavirudishaje? Useme samahani jamani, inukeni, hajafa, amenikimbia? Mjane hupewa kiti. Aliyeachwa hupewa macho. Nilikuwa na watoto wawili na sare arobaini za kushona. Nikakaa kwenye kiti.

Filamu waliyokuwa wakipiga wakati ule nadhani siyo hiyo yako. Walirudi tena baadaye kupiga nyingine, na inaelekea walirudi naye. Soko lile ni safari ya saa tatu kutoka hapa. Nimelifikiria hilo wiki nzima, nikaona nisilifikirie zaidi. Kama yu hai sijui.

Nilidhani nitakuambia ukikua. Ukakua, ukawa na redio kwenye kila sikio, sikupata pa kupenya. Kisha masikio yangu yakafunga. Habari za daraja sikuzijua. Ungesema. Lakini na mimi ningesema.

Sasa nina swali moja, usinicheke. Mtu akiacha kifungo kwa fundi hajaondoka moja kwa moja, ana sababu ya kurudi. Nilijiambia hivyo miaka kadhaa. Kifungo chenyewe nilikiweka kwenye kopo la sindano, cheusi, matundu manne, na kipo mpaka sasa. Simamisha hiyo picha yako uniangalizie. Kwenye shati la baba yako kifungo cha tatu kipo, au hakipo?

Nipe jibu la kweli. La uongo najua linavyoshonwa.

Mama yako


11 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unalala.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha mashuka machafu, kwa sababu hakuna mtu anayependa kuingia humo. Niliisoma nimesimama. Nikasubiri nihisi kitu. Kengele ya chakula ikalia, nikaenda kula. Supu haikuwa na chumvi, nikaongeza. Ndivyo ilivyokuwa, sitaki kuipamba.

Jumatatu nikaichukua filamu. Mashine yangu ikisimamishwa picha hutetemeka, kwa hiyo nilikwenda nayo kwa Mzee Vumbi ambaye ana skrini kubwa kidogo nyuma ya rafu. Nikamwambia nataka kuona kifungo. Hakuuliza kwa nini. Wateja wake wote wana kichaa cha aina fulani. Yupo anayekusanya filamu zenye ngazi tu. Tukasogeza picha moja moja, yeye kidole kwenye kitufe, mimi pua kwenye kioo.

"Kreti linaziba," akasema.

"Ngoja atakapogeuka."

"Geuka basi, mheshimiwa," akamwambia baba. "Watu wana kazi."

Akageuka.

Mama, nilifikiria kukuambia kwamba hapaonekani. Ingekuwa rahisi, filamu imejaa mikwaruzo. Lakini umeomba jibu la kweli.

Kipo. Vifungo vingine ni vyeusi, hicho ni cheupe, au cha rangi yoyote ambayo humu hutoka nyeupe. Ni kikubwa kuliko wenzake. Kimeshonwa kwa uzi mwingi, zaidi ya unaohitajika, unaonekana umetuna katikati. Na shati limenyooshwa. Mkunjo wa mkono umekwenda sawa kutoka begani mpaka chini. Nanyoosha mashuka mia nne, najua kazi ya mtu anayejali na kazi ya mtu anayemaliza. Huyo alikuwa anajali.

Mzee Vumbi akaniuliza, "Ndugu yako?"

Nikasema, "Mteja wa mama yangu."

Nisamehe.

Mwanao


2 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Ni wiki saba. Sikuharakishi. Dada anasema unashona mchana kutwa na huruhusu mtu kugusa kopo la sindano.

Sijanunua kitu kwa Mzee Vumbi. Nakwenda, nakaa kwenye boksi, napiga chafya, naondoka. Bati Bovu siwezi kuwasikiliza, ule wimbo sasa una kreti ndani yake.

Jana nilipanda basi la moja kwa moja, linalovuka mto. Macho wazi. Palikuwa na bata wawili na tairi. Nilitazama mpaka ukaisha. Nikashuka kituo cha hospitali, nikagundua nimefika dakika ishirini mapema kuliko siku zote za miaka minane. Nikasimama nje ya geti. Sikujua pa kuziweka.

Mkwe wako alivaa koti la bluu lenye kofia. Uliuliza, sikukujibu. Alikuwa ameziacha funguo mezani, akarudi kuzichukua ili anikabidhi mkononi. Nilikuwa naangalia filamu. Nikamwambia weka hapo.

Mwanao


23 Novemba

Kwako mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Bado nipo.

Nimekaa na kile kifungo cheupe zaidi ya miezi miwili. Mwanzoni niliulaumu uzi. Uzi mwingi hivyo ni wa mtu asiyejiamini, kazi ya kwanza ya mkono, hata fundo hakujua alifiche wapi. Nikamtukana aliyekishona wiki nzima, nami najua kutukana nikiwa na pini mdomoni. Kisha nikachoka. Nikakitoa kile cheusi koponi, nikakitia kwenye shati la dereva wa lori la maji. Kinamfaa kwa sasa. Tumbo lake likihama tena litakwenda nacho.

Dada yako nimemwambia. Alipiga kelele, nafikiri. Kisha akaniosha vyombo vyote, hata visafi. Bado hatujamaliza, lakini anakuja.

Pazia nimelishusha. Upande wa jua limepauka, ila kwenye pindo na upande wa ndani rangi ipo. Ni manjano, na ndege ni kijani, kwa kuwa sinema yako haikukuambia. Dirisha sasa liko wazi. Jirani ananiona nikinywa chai, nami namwona akijifanya haoni.

Limetoka shati, limo katika kifurushi hiki. Mabega nimekisia kwa ya baba yako. Tumbo nimelipunguza, kwa kuwa unakula sahani moja. Mfuko nimeupindua. Safari hii si kosa.

Kifungo cha tatu sijakishona. Desturi unaijua.

Mama yako


15 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, mguu pia, na jirani pia.

Kifurushi kimefika salama. Shati limenienea. Mabegani linabana kidogo, lakini hilo utaliona mwenyewe likiwa mwilini.

Ratiba ya likizo nimeiomba. Mkuu wa kitengo alinitazama kama mtu aliyesikia kabati likiongea. Ina kurasa mbili.

Leo nimelivaa kazini. Hapa yupo mama mmoja wa viraka, kazi yake kushona mashuka yaliyochanika, naye hawezi kuona tundu akaliacha. Alinikuta wakati wa chai, akaja moja kwa moja na sindano ikiwa imetungwa uzi.

"Wewe, tumbo liko nje. Sogea hapa nikutilie kifungo, dakika moja tu."

Nikamwambia ahsante, hapana.

"Ninavyo vya kila rangi. Na huu mfuko je? Aliyekushonea alikuwa amesinzia?"

"Alikuwa macho kabisa."

"Haya, sogea basi. Utapigwa na baridi, mwanaume mzima na shati limeachama."

"Acha tu, mama," nikamwambia. "Kifungo hicho kina mwenyewe."

Akaondoka akitikisa kichwa. Kwa hiyo nimetembea hivyo kutwa, nikarudi nyumbani hivyo, kwa basi la moja kwa moja linalovuka mto, nimesimama karibu na mlango. Kila ukifunguka upepo wa hapa unapita pale kwenye kifungo cha tatu mpaka tumboni. Ni baridi, mama. Naisikia.

Mwanao